Mwaka wa Maharage Magumu

Letaru alipolitua lile blanketi la viraka mezani kwangu hapa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, juu ya sare za shule nilizokuwa nakata, nililitambua blanketi kabla sijamtambua yeye. Yeye nilimwacha mtoto wa kubebwa mgongoni. Aliyesimama mbele yangu alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani, mwalimu wa shule ya msingi huko Arua, miguu imemvimba kwa safari ya mabasi. Blanketi halikuwa limebadilika sana. Rangi zilififia, pindo moja lilikuwa limechanika, lakini kile kipande cha pazia la kantini, chekundu chenye maua ya njano, kilikuwa palepale kwenye kona, na chini yake mshono wangu wa kwanza, mrefu na mbaya, ambao marehemu mama yake alikataa kuufumua ili, alisema, nisije nikajivuna nikizeeka. Nimezeeka, na sikujivuna.

"Anti Kabugho," Letaru alisema tulipokwisha kulia kidogo, maana mama yake alizikwa mwezi uliopita na magoti haya yangu hayakunifikisha mazishini, "mama alisema hii blanketi nikuletee wewe. Alisema kabisa, usimpe fundi mwingine. Sasa mimi nataka uipasue, utoe hayo matambara ya ndani, uweke sponji mpya. Ya ndani imekuwa mabonge. Tena kuna kitu kigumu hapa juu, tangu nikiwa mtoto inanichoma shingoni." Akanionyesha mahali kwa kidole. Nilikuwa tayari nimeshika wembe. Nikauweka chini, nikamuuliza kama amekula, kisha nikaenda jikoni kutia maharage. Nilikuwa na mapya, ya wiki ileile, kwenye beseni. Nikayaacha, nikachota ya mwaka jana kutoka gunia la nyuma ya mlango.

Mume wangu Thembo, askari mstaafu ambaye siku hizi amri zake huzitoa kwa mihogo na kahawa ya shamba letu la Karambi, aliingia kumsalimia mgeni. Akaliona blanketi mezani, akalitazama kitambo, akatoka tena. Sikushangaa. Kuhusu lile blanketi, Thembo na mimi tulikuwa hatujazungumza tangu mwaka ule.

Wateja wangu wana wimbo mmoja. Huja siku ya soko na mfuko wa vipande vya vitenge, vile ambavyo mafundi wa upande wa pili wa mpaka huviacha chini ya cherehani, wananionyesha, wanasifu viraka vilivyotandikwa ukutani kwangu, halafu wanaanza: "Mama, mi niko na batoto mingi, muda ya kushona sina." Na mimi huwajibu vibaya, kwa sababu ndivyo nilivyo. Huwaambia muda si mgeni, hauji mlangoni kupiga hodi. Muda wa kushona huibwa. Aliyenifundisha kuuiba alikuwa Mama Letaru, mke wa sajini, katika kambi ya jeshi iliyokuwa Kasese chini ya milima ya Bulembia, mwaka ambao simu za mkononi zilianza kuonekana na afande mkubwa alikuwa akipanda juu ya kichuguu kila jioni kutafuta mtandao, sisi wanawake tukimcheka kwa chini.

Niliingia kambini nikiwa bibi harusi, na mambo ya nani alimwoa nani na kwa mbuzi wangapi nayaruka, hayana kazi hapa. Nyumba yetu ilikuwa ya aina ile inayoitwa mama ingia pole. Jina linaeleza yote: mlango ni mfupi, na mama akiingia kwa haraka, paji la uso linalipa. Ndani palienea kitanda, sanduku la chuma la Thembo, na mimi mradi nisinyooshe mikono. Ukuta wa udongo uliotutenganisha na nyumba ya Mama Letaru ulikuwa mwembamba hata nikipiga chafya, yeye upande wa pili ananiambia pole. Nilitoka Kyarumba, mlimani, ambako jioni unasikia mto na mbuzi tu, na hapa nilisikia Uganda nzima ikigombana, ikisali na kukaanga vitunguu, kila mtu kwa lugha yake, wote wakikutana kwenye Kiswahili cha kambi, kile kisichojali ngeli wala kubembeleza mtu. Wiki za kwanza nililia sana. Thembo alikuwa ametoka mafunzoni juzi tu, mikono yake bado ya jembe, na hakujua mke anayelia hufanywa nini, basi alisimama katikati ya kile chumba, kichwa kimeinama kwa sababu ya dari, akanipigia saluti ili nicheke. Nilicheka. Nikaendelea kulia kesho yake.

Mama Letaru hakunipigia saluti, alinipa sindano. Alinikuta nje ya mlango nimekaa bure huku sufuria yangu ya maharage ikichemka. Akasimama mbele yangu, mikono kiunoni, mtoto mgongoni. "Wewe Kyarumba," aliniambia, na tangu siku hiyo kwake sikuwa na jina jingine, "hii maharage inakulipa mshahara ya kuitazama?" Nikasema naangalia yasiungue. "Iko inachemka yenyewe. Shika kazi." Akachomoa sindano kwenye kitambaa chake cha kichwani, ambako ilikaa siku zote na uzi wake tayari, akanitupia vipande viwili mapajani, kimoja cha pazia la kantini na kimoja cha sketi ya mke wa koplo, akaketi. Nilishona. Akautazama mshono wangu kwa muda mrefu. "Hapa kidole ya mtu inapita," alisema. "Mushono ni kama maneno ya bibi na bwana. Ndogo-ndogo, karibu-karibu. Ukiruka mbali, baridi inaingia."

Kambini maharage ndiyo yaliyokuwa saa ya wanawake. Asubuhi ilikuwa ya foleni ya maji na kufua, mchana wa kuni, jioni wanaume wamerudi na njaa na amri zao. Lakini kati ya maharage kutiwa jikoni na maharage kuiva palikuwa na nafasi ambayo hakuna mtu angekuuliza unafanya nini, kwa sababu ulikuwa unachunga moto, na mwanamke anayechunga moto yuko kazini hata mkuu wa kambi akipita. Mama Letaru aliishi ndani ya nafasi hiyo. Viraka vyake vyote vilishonwa humo. Mimi kwa ujinga wangu nilimletea zawadi ya maharage mapya ya Kyarumba, yametoka shambani, yanang'aa, nikakaa kungoja kusifiwa. Yakaiva hata hajamaliza upande mmoja wa kiraka. Akayaonja, akanitazama kwa huruma. "Tamu," alisema. "Lakini inaiva mbio kama mutu amefukuzwa. Siku ingine unipatie ile ya zamani, ile imekaa kwa gunia mpaka imekuwa mawe." Nyumbani walinishangaa nilipoanza kuwaagiza maharage ya mwaka uliopita, na mama yangu alituma mtu kuja kuuliza kama mume wangu ananitesa.

Vipande tulivipata popote. Mafundi wa barazani mjini Kasese walituachia masalio, wasafiri walituletea vitenge vya Kongo kutoka Bwera, na wanawake wa kambi walitupa magauni yaliyokufa makwapani. Mama Letaru alikijua kila kipande kwa mtu wake. Hiki ni kanzu ya kwaya ya yule wa Soroti, aliyeimba vizuri na kugombana vizuri zaidi. Hiki ni shati la harusi la bwana fulani, usiulize harusi gani. Tulishona tukisikiliza nyumba za watu kupitia kuta zile, na bila kutaka tulijua nani amepata barua ya uhamisho, nani amenuniwa, nani ana mimba na bado hajamwambia bwana. Mama Letaru akisikia jambo zito, alivuta uzi polepole na kusema, "Hiyo hatujasikia," na kweli ilikuwa hatujasikia. Nadhani hapo ndipo nilipoacha kulia. Sikumbuki siku yenyewe.

Mume wake, Sajini Adriko, alikuwa mtu mrefu, mpole, na wazimu wake ulikuwa kola. Jumamosi alitoa meza nje, akatia makaa kwenye pasi, na mke wake akamletea bakuli la uji mwepesi wa muhogo. Alilowesha kola ya shati lake la kombati kwa ule uji, akapiga pasi, akalowesha tena, akapiga tena, mpaka ikasimama yenyewe bila shingo ya mtu. Alimwita Thembo amfundishe. "Kuruta, askari ni kola," alimwambia. "Suruali inaweza kuchafuka, hiyo ni kazi. Kola ikilala, mutu amelala." Thembo akajifunza kwa bidii, na Jumamosi ya pili akaunguza shati lake la serikali mgongoni, alama kamili ya pasi. Aliingiwa na hofu, maana kuharibu sare ilikuwa kesi. Adriko akalichukua lile shati mkononi, akaenda nalo stoo, akamwambia mtunza stoo kwamba ni yeye aliyeliunguza, uzee unaanza kumwingia. Mtu ambaye hajaunguza hata leso. Walimfokea mbele ya vijana wake, akarudi na shati jipya la Thembo, akamrushia. "Moto kidogo, kuruta," alisema tu. "Moto kidogo."

Mvua zilipoanza, wanaume wakapakiwa kwenye malori, Adriko kati yao, wakavuka mpaka kwenda vitani Kongo. Thembo alibaki kwenye lindo la kambi. Mama Letaru akaongeza kasi ya blanketi. Alitaka Adriko akirudi alikute limekwisha, viraka juu, shuka zima chini, na katikati blanketi kuukuu la kuleta joto. Tulikuwa tumeshona pande tatu, umebaki upande mmoja wa kufunga, siku ambayo padri wa jeshi alionekana akija kati ya nyumba zetu, afande pembeni yake amevua kofia. Tulikuwa tunafua. Kila mmoja wetu aliomba wapite mlango wake, na ukiomba hivyo unajua unamwombea mwenzako nini. Mimi mume wangu alikuwa langoni, mzima, na bado niliomba. Waliupita mlango wa mke wa koplo. Wakaupita wangu. Mama Letaru alikuwa ameshika shuka lenye povu, akalikamua lote, polepole, akalianika, akalinyoosha kwenye kamba, ndipo akageuka kuwasikiliza.

Mwili wa Adriko haukurudi. Afande alisema amezikwa hukohuko na wenzake, mahali pazuri penye miti, na alisema kwa upole, lakini hakujua mahali hapo panaitwaje. Hilo ndilo lililomvunja Mama Letaru kuliko kifo chenyewe. Wanawake walijaa nje ya mlango wake, moto wa matanga ukawashwa, na mke wa koplo, aliyekuwa mtu wa Busoga, mwenye moyo mzuri na mdomo usiofungwa, akajaribu kumfariji. "Kuna watu, mtu asiporudi, wanazika mgomba mahali pake," alisema. "Roho inatulia." Mama Letaru akainua uso. "Mimi hapana," alisema. "Mgomba haikunioa."

Alichotaka ni shati. Adriko alikuwa na kombati mbili; moja aliivaa kwenda, na shati la nyingine lilikuwa limetundikwa msumarini juu ya kitanda, limepigwa pasi Jumamosi ya mwisho, kola imesimama. Alitaka kulipeleka Arua, alizike uani kwa baba wa Adriko, aweke jiwe, Letaru akikua apate mahali pa kupalilia na kusema hapa ndipo baba yangu alipo. Hakutaka kingine. Lakini sare ni mali ya serikali. Askari akifa, watu wa stoo huja kuchukua kila kitu mpaka mkanda, na raia akikutwa na hata kipande cha kombati analala selo ya kota-gadi, kwa walinzi wa lango. Mjane akikutwa nacho, haki za marehemu mume wake zinaweza kukaa mezani kwa mtu mpaka mtoto aote mvi. Sisi sote tulilijua hilo, na yeye alilijua kuliko sisi.

Jioni iliyotangulia siku ya stoo kuja, aliniita. Alikuwa amekaa mkekani, mikono imelala mapajani, maana wazee wa kwao pale kambini walikuwa wamesema mjane katika matanga hashiki sindano. Nilikuwa sijawahi kuona mikono ile bila kazi na iliniumiza kuitazama. "Kyarumba," alisema bila kugeuza uso, "bado uko na ile maharage ya mawe?" Nikasema ninayo. "Kesho asubuhi weka mingi. Wageni wa matanga watakula." Halafu akasema, kwa sauti ileile ya kuzungumzia maharage, "Na ile upande ya blanketi imebaki wazi, utafunga wewe."

Basi nilishona mimi. Nilishona mchana mweupe, mbele ya wanawake wote wa mstari wetu, huku sufuria kubwa ikichemka na watu wakiimba nyimbo za kanisa. Nilikuwa nimekwisha kata vifungo ndani ya nyumba, kwa sababu vifungo vikipapaswa husikika, nikalisukuma shati ndani ya blanketi kupitia upande ule wazi, nikalinyoosha kwa mkono mpaka mikono yake ikalala sawa. Nilimnong'oneza Mama Letaru kwamba kola itafanya bonge, afadhali niikate. "Kola ndiyo Adriko," alijibu. "Acha." Nikaanza kufunga. Nilishona kwa haraka, mshono ukawa mrefu, ukawa wa aibu, ule wa kidole ya mtu inapita, na yeye pale kando yangu alikuwa anauona na hawezi kunipokonya sindano. Mke wa koplo alinitazama, akatazama kile ninachofunga. Nikasema moyoni, tumekwisha, huyu mdomo haufungi. Akainuka, akachukua kigoda chake, akakihamisha na kuketi kati yangu na njia ya walinzi, na lile umbo lake pana, akaanza wimbo mpya kwa sauti ya juu. Mpaka leo simruhusu mtu amseme vibaya mbele yangu. Nilifunga fundo la mwisho, nikaonja maharage, bado yalikuwa magumu.

Watu wa stoo walikuja mchana uleule, luteni mmoja na mtunza stoo, na askari wa kuwabebea vitu. Askari mwenyewe alikuwa Thembo. Hakunitazama. Walitoa viatu, mkanda, kofia, suruali, chandarua. Mtunza stoo akauliza, "Shati moja iko wapi?"

"Alienda nayo, afande," Mama Letaru alisema.

"Zote mbili?"

"Vita ni chafu, afande. Alitaka ya kubadilisha."

Luteni alikuwa kijana, na naamini hakupenda kazi ile, ila alikuwa amepewa. Akaamuru nyumba ikaguliwe. Thembo akaingia, akatoka na godoro, akalipapasa. Akatoka na sanduku, akalimwaga. Kisha luteni akaonyesha kwa fimbo mkekani, ambako Letaru alikuwa amelala usingizi juu ya blanketi la viraka. "Na hiyo." Mama Letaru akamwinua mtoto bila kumwamsha. Thembo akapiga magoti. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, kofia ilinificha uso wake, niliona tu viganja vyake vikitembea juu ya vile viraka, kona hadi kona, haraka-haraka, akigonga hapa na pale. Nilikuwa nawaza, huyu ndiye mtu aliyefunikiwa kosa la pasi, na ndiye anayemkagua mke wa aliyemfunika. Akasimama, akajipangusa magoti. "Blanketi tu, afande. Ya mutoto." Luteni akasema haya, pakia. Wakaondoka.

Mama Letaru alipanda lori la kwenda Arua wiki hiyo, Letaru kifuani, blanketi limewazungusha wote wawili. Mimi nikabaki na mume ambaye sikumtaka. Nilimpikia, nikamwekea sahani, sikumwambia karibu. Alijaribu mara moja. "Nilitumwa," alisema. Nikamwambia hata mbwa hutumwa. Hakujaribu tena. Nilichoamini, nakisema wazi, ni kwamba blanketi lilipona kwa sababu ya ubutu wa mikono yake. Kwamba mikono ya jembe ilipita juu ya kola ngumu ya mtu aliyempenda isihisi kitu. Nilibaki naye hata hivyo. Watoto walikuja, akastaafu, tukahamia Bwera, nikanunua cherehani, akanunua kahawa ya kupanda Karambi. Tumeishi vizuri kuliko wengi. Lakini jambo lile lilikaa kati yetu bila kushonwa, na kuna nyakati kwa miaka hiyo yote baridi iliingia pale.

Na Mama Letaru hakumzika Adriko. Kila Krismasi alinipigia simu, na baada ya salamu za watoto na mvua nilimuuliza, nikishusha sauti, "Umempumzisha?" Naye alijibu, "Bado. Letaru bado anasikia baridi." Mwanzoni nilielewa, mtoto mdogo, nyumba ya nyasi. Lakini alinijibu hivyo Letaru alipoingia sekondari, akanijibu hivyo Letaru alipoolewa na kuondoka na lile blanketi kwake. Nikaacha kubisha. Kuna vitu mtu anavijua kwamba lazima avizike, na anavitafutia muda, na muda huo yeye haendi kuuiba. Binti hakuambiwa kitu. Sare ilikuwa bado mali ya serikali, na Mama Letaru alikuwa amezoea ile "hatujasikia" yake.

Haya yote nilimweleza Letaru hapa kwenye chumba cha kushonea, mlango nimeufunga, wateja wakingoja nje. Alisikiliza akiwa ameweka mikono juu ya blanketi. Nilipofika kwenye kola nilisita, halafu nikasema tu, kwa sababu sijui kusema mambo kwa kuzunguka. "Hicho kinachokuchoma shingoni ni kola ya baba yako."

Akavua miwani. Akasema, "Pasua, Anti." Nikachukua wembe, nikaukata mshono wangu mwenyewe, mrefu na wa aibu kama nilivyouacha. Uzi ulikuwa umeoza, haukubisha. Nikalivuta shati taratibu. Kijani chake kilikuwa kimekuwa rangi ya majani makavu, kwapa limechanika, lakini kola, Mungu ni shahidi, ilikuwa bado ina ukaidi. Letaru alilichukua, akalipeleka usoni, akalinusa. Halikuwa na harufu ya mtu yeyote. Hapo ndipo alipolia, na nilimwacha alie, maana hakuna anayeweza kumlilia mtu baba yake.

"Alituambia tumchimbie pembeni," alisema baadaye. "Mama. Alisema, mniachie nafasi mkono wa kushoto. Wajomba wakauliza, nafasi ya nani? Akasema ya mutu yuko njiani. Tulijua ni ugonjwa inaongea. Lakini tuliacha."

Bado nilikuwa na wembe mkononi niliposikia harufu ya makaa. Mlango ukafunguliwa, Thembo akaingia ameinama, ingawa mlango wa nyumba hii ni mrefu na hakuna haja, na mkononi ameshika pasi ya mkaa, ya moto tayari. Makaa hayashiki kwa dakika moja. Aliyawasha alipotoka mara ile ya kwanza, alipoliona tu blanketi. Akaliangalia shati, akaniangalia mimi. "Nipe uji ya muhogo," alisema, kwa kile Kiswahili cha kambi ambacho hakukitumia nyumbani kwa miaka.

Nikamkorogea. Akatandika kitambaa mezani, akalaza shati, akalowesha kola kwa vidole viwili kama alivyofundishwa, akaanza kupiga pasi, moto kidogo, akiinua na kushusha. "Siku ile ilinigonga hapa," alisema, akanyoosha kiganja bila kumwangalia mtu. "Nikajua ni yeye. Na nikajua nani alishona. Mishono mirefu vile kwa kambi ilikuwa ya mutu mmoja."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia ungefurahi. Ungefurahi, kambi yote ingejua. Uso yako haifichi kitu, Kabugho."

"Na miaka hii yote, hapa Bwera, ambako hakuna kambi?"

Akageuza kola upande wa pili. "Hukuuliza."

Kama pasi ingekuwa mkononi mwangu ningempiga nayo. Badala yake nilikwenda kwenye droo nikatafuta vifungo vinavyofanana na vile nilivyokata, kwa sababu mtu hapelekwi kwao shati likiwa wazi, na nikalishona lile kwapa, ndogo-ndogo, karibu-karibu, huku Thembo akinisubiri nimalize upande mmoja ndipo apige pasi mwingine. Bega lake lilikuwa linagusa langu, na hakuna aliyesogea.

Letaru akajipangusa macho, akaangalia saa yake ya mkononi, akauliza kwa wasiwasi gari la mwisho la kwenda Kasese linaondoka saa ngapi. Nikaenda jikoni, nikafunua sufuria, nikatoa punje moja, nikaibonyeza kwa kidole. Ilikuwa jiwe. Nikarudi, nikamwambia akae, gari atapanda kesho, muda upo.